Kupanga presha ya pango la gesi kwenye mwamba wa chumvi: hesabu, na jaribio la chupani

Chumvi unayoiona ukipita Gongoni au Marereni, kaskazini ya Malindi, ni maji ya bahari yaliyoanikwa juani. Inayohifadhiwa gesi ni nyingine: mwamba mzima uliolala mamia ya mita ardhini, mgumu kupenya gesi. Aliyezoea matumbawe na zege ataona ajabu yake, maana chumvi ikibanwa kwa muda mrefu hutambaa kama lami ya barabara mchana wa kaskazi.

Hatua ya 1: uzito wa juu. Chukua mfano wa kasingi (bomba la chuma linaloshikizwa kwa saruji kwenye ukuta wa kisima) inayoishia mita 1,000, na miamba ya juu yenye wastani wa kilo 2,300 kwa mita ya ujazo. 2,300 × 9.81 × 1,000 ni paskali milioni 22.6, yaani bar 226. Pigia hesabu mwisho wa bomba, usipigie katikati ya pango: hapo ndipo chuma, saruji na chumvi zinapokutana, na gesi ikitaka kutoroka huanzia hapo.

Hatua ya 2: vikomo. Kikomo cha juu cha presha ya gesi weka 80% ya uzito huo wa juu, kama bar 180. Ukizidi na kuikaribia 226, gesi huanza kuisukuma chumvi ipasuke nyufa.

Kikomo cha chini ndicho kinachosahauliwa. Anza na 30%, bar 68, kisha kipime. Katikati ya pango, tuseme mita 1,150, uzito wa juu ni bar 260. Gesi ikiwa 180, tofauti ni 80. Ikishuka hadi 68, tofauti ni 192, yaani mara 2.4. Kasi ya kutambaa hufuata tofauti hiyo kwa kipeo, na kinachotumika sana ni 5. 2.4 kwa kipeo cha 5 ni karibu 80: pango linajifunga mara 80 kwa kasi zaidi. Kina kikiongezeka, joto nalo huongeza kasi. Huko Eminence, Mississippi, pango lililochongwa kwenye kina kinachozidi mita 1,700 lilipoteza takriban 40% ya ujazo wake kwa kama miaka miwili, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo gesi haitolewi yote; ile ya kikomo cha chini hubaki kuzuia kuta, na gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya 3: kuchonga, yaani kuyeyusha chumvi kwa maji yanayopigwa kisimani. Pango la kipenyo cha mita 50 na kimo cha mita 200 ni mita za ujazo 393,000 hivi. Kila mita moja ya ujazo ya chumvi hula mita za ujazo 7 hadi 8 za maji baridi. Ya bahari hufaa pia, ila yataongezeka kidogo. Kwa pampu ya mita za ujazo 200 kwa saa, hesabu karibu miaka miwili bila kusimama. Dari hulindwa lisiyeyuke kwa dizeli au naitrojeni inayoelea juu ya maji.

Ukitaka kuona kwa nini, tafuta bonge gumu la chumvi, la ukubwa wa ngumi, ulisimamishe ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mimina maji hadi nusu ya bonge, halafu mara moja mafuta ya kupikia yafunike kilichobaki. Usikoroge. Baada ya saa moja au mbili, sehemu iliyo ndani ya mafuta iko karibu vilevile, na shingo imekatika chini yake tu. Maji mepesi hukaa juu yakila, yaliyoshiba chumvi huzama. Pango lisilo na mafuta hupanda hivyo hivyo mpaka dari liliwe na bomba libaki likining'inia.

Hatua ya 4: kabla ya gesi. Piga sonari (kipimo cha mwangwi wa sauti) upate umbo halisi, kisha jaza naitrojeni shingoni na uangalie kama mpaka wake na maji unapanda. Usiruke hatua hii kwa visima vya zamani. Karibu na Hutchinson, Kansas, Januari 2001, gesi ilitoka kwenye kasingi iliyoharibiwa kisima kilichozibwa kilipochimbwa upya, ikatembea chini ya ardhi kama kilomita 11 na kuua watu wawili. Mwamba wa chumvi wenyewe ulikuwa mzima.

Hatua ya 5: kutoa gesi. Anza na kushusha bar 10 kwa siku, zisizidi. Gesi ikipanuka haraka hupoa, ukuta hujikunja kwa baridi, na chumvi isiyopenda kuvutwa hupasuka kuanzia usoni.