Somo: Kupima usiku wa kidukari kwa visanduku sita

Tumezoea kusema mdudu hupima urefu wa mchana. Kidukari wa maharage mapana wa Ulaya, Megoura viciae, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mimea, hupima usiku. Wakati wa joto majike huzaa watoto hai bila dume. Usiku ukirefuka, huzaa mabinti watakaotaga mayai ya kuvuka baridi. A. D. Lees, mtaalamu wa wadudu aliyewachunguza kule Cambridge, aliukuta mpaka, yaani urefu wa usiku unaogeuza uzazi wao, kwenye saa 9 na nusu hivi za giza, joto likiwa nyuzi 15 za Selsiasi. Mpaka huo unaweza kuupata mwenyewe, mradi uko mahali ambako kidukari huyu ni mwenyeji. Asisafirishwe kwenda kwingine. Ni mharibifu wa mazao.

1. Anza na jike mmoja asiye na mabawa. Mzidishe kwa vizazi vitatu chini ya saa 16 za mwanga na 8 za giza, nyuzi 15. Wote watakuwa na urithi uleule. Usichukue jike aliyeanguliwa kwenye yai: ukoo wake una kipima muda cha pili, na kwa miezi kama mitatu hautazaa watagaji hata ukiupa usiku mrefu kiasi gani. Ukikosea hapa utahangaika na taa bure.

2. Tengeneza visanduku sita, kila kimoja na taa ya LED na taima yake. Giza liwe saa 8, 9, 9.5, 10, 11 na 12. Saa zilizobaki hadi 24 ziwe mwanga. Adapta za taa zikae nje. Zikiwa ndani, kisanduku chenye mwanga mrefu ndicho kitakachopata joto zaidi, na hutajua kama umepima mwanga au joto. Kwenye nyuzi 25 usiku mrefu haufanyi kazi kabisa.

3. Kagua giza. Washa tochi kali ndani ya kisanduku, funga, zima taa za chumba, subiri dakika 15 macho yazoee, kisha zunguka ukitazama bawaba, tundu la waya na tundu la hewa. Unapoona uzi wa mwanga, ziba kwa utepe mweusi. Tundu la hewa lipitie bomba lililopinda mara mbili.

4. Weka watoto wa siku moja, 10 kwa kila kisanduku, kila mmoja kwenye mche wake wa maharage mapana. Wakisongamana huzaa wenye mabawa, na hesabu inavurugika. Waache humo mpaka wakue na kuzaa.

5. Chukua mabinti wa mwanzo wa kila mama, uwakuze chini ya saa 16 za mwanga. Usihofu kuwahamisha, kwani hatima yao iliamuliwa wakiwa bado tumboni. Wakikomaa, tazama miguu ya nyuma kwa lenzi ya kukuza mara 20. Mtagaji ana muundi mnene, kama uliovimba. Mzaa hai ana muundi mwembamba. Ukiwa na shaka, mpasue kwenye tone la maji ya chumvi: vijusi vya mzaa hai vina macho yanayoonekana kama vitone vyenye rangi, ilhali mtagaji ana mayai yaliyojaa kiini. Chora asilimia ya watagaji dhidi ya saa za giza. Mpaka ni pale mstari unapovuka 50.

6. Hatua hii msiiruke, ndiyo inayothibitisha somo zima. Weka kundi moja kwenye saa 8 za mwanga na 8 za giza, jingine kwenye 16 za mwanga na 12 za giza. La kwanza lina mchana mfupi lakini huzaa watoto hai. La pili lina mchana mrefu na bado hutoa watagaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Naweza kumwagilia usiku kwa taa nyekundu?

Jibu: Hapana. Mwanzoni mwa usiku mwanga wa buluu ndio wenye nguvu zaidi, lakini usiku ukisonga mdudu huanza kuitikia hata nyekundu. Mwagilia taa zikiwa zimewaka.

Swali: Kidukari huutambua mwanga huo kwa macho?

Jibu: Lees alimulika sehemu ndogondogo za mwili kwa miali myembamba. Sehemu nyepesi kuitikia ilikuwa katikati ya utosi, juu ya ubongo. Mwanga hupenya ganda la kichwa.

Swali: Sisi wa Nairobi, mchana haubadiliki. Wadudu wetu wanajuaje msimu?

Jibu: Kweli, mchana mrefu na mfupi wa mwaka hapo hupishana dakika kama 10 tu. David Denlinger, mtaalamu wa wadudu, alichunguza inzi wa nyama hapo Nairobi, akakuta pupa wao hulala, yaani husimamisha ukuaji, kwenye baridi ya Julai na Agosti, na kinachowalaza ni ubaridi wenyewe. Kiwavi wa bua la mahindi, Busseola fusca, naye hulala ndani ya bua kavu wakati wa kiangazi, na maji ya mvua humsaidia kuamka. Ukitaka kujaribu kwa wadudu wa huko, badilisha joto na unyevu kwanza, taima baadaye.