Mwinue adui, usijiinue wewe

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, barazani, Malindi, Unguja, baada ya isha, na kila mchawi mpya hukimbilia kujiinua mwenyewe hewani kwa uchawi wa kuelea (Levitate). Mwinue adui! Uchawi huu, katika toleo la 5 la mchezo, ni wa daraja la 2 tu, lakini humtoa mtu vitani hadi dakika 10.

Mchague mwenye upanga, asiye na upinde, unayemwona ndani ya futi 60, uzito usiozidi ratili 500. Kwanza tazama alipo. Akiwa na ukuta, mti au mlingoti wa jahazi anaoweza kuufikia kwa mkono, atajivuta kama mkwezi wa minazi mpaka akufikie. Mimi humsubiri atoke uwanjani, peupe. Hapo tamka. Akirusha dadu la ustahimilivu, yaani la kuupinga uchawi kwa uimara wa mwili, akashindwa, atapaa wima hadi futi 20 na kubaki akining'inia.

Kisha jifiche. Uchawi hudumu tu ukiendelea kuuwekea umakini; ukiumizwa, wewe ndiye utakayerusha dadu kulinda umakini wako. Ukikosa, uchawi unakatika naye anatua taratibu, bila jeraha. Basi usipange kumuua kwa kumwangusha. Waambie wenzako wenye mishale waanze mara moja.