Kutambua na kukuza Nepenthes × hookeriana

Mmea huu ni chotara wa asili wa Nepenthes rafflesiana na Nepenthes ampullaria, mimea ambayo ncha za majani yake huwa mitungi ya kunasa wadudu. Huota nyanda za chini za Borneo, Sumatra na Rasi ya Malay, pale wazazi wote wawili wanapokutana. Wauzaji huchanganya majina mara kwa mara, hivyo ukague kabla ya kulipa.

Rangi isikuhadae. Tazama kifuniko cha mtungi na shingo yake. Ampullaria ana mtungi mfupi wa duara. Kifuniko ni chembamba na kimelala nyuma, mdomo ukabaki wazi kupokea majani yanayodondoka. Rafflesiana ana kifuniko kipana juu ya mdomo, na ukingo wa mdomo hupanda nyuma ukawa shingo ndefu. Chotara ana tumbo nene, shingo fupi, na kifuniko kipana kuliko cha ampullaria ila hakiufuniki mdomo sawasawa. Miche michanga hufanana mno; subiri mitungi ikomae.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 32 mchana, na usiku lisishuke chini ya 20. Pwani ya Tanzania na Kenya inafaa bila hita. Arusha au Limuru usiku wake ni baridi mno.

Changanya sfagnamu (mimea midogo laini ya kinamasi inayoshika maji) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) nusu kwa nusu. Usumba wa nazi unaweza kutumika, lakini makumbi ya pwani mara nyingi hulowekwa baharini: yaoshe kwa maji ya mvua mara kadhaa, la sivyo chumvi itaua mizizi. Usitie udongo wa bustani wala samadi.

Mwagilia maji ya mvua au yaliyokenekwa, kutoka juu, yachuruzike yote. Maji ya kisima chenye chokaa huacha ukoko mweupe, kisha ncha za majani huungua. Chungu kisisimame kwenye maji.

Majani yakitoka bila mitungi, sababu kwa kawaida ni hewa kavu au mwanga hafifu. Weka chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50, unyevu wa hewa uwe zaidi ya asilimia 70. Mmea uliohamishwa karibuni nao husita, uache utulie. Usitie nyama mtungini, itaoza.

Kuzidisha, kata shina lenye pingili 2 au 3, punguza majani nusu, chomeka kwenye sfagnamu mbichi, funika kwa mfuko wa plastiki kivulini. Mizizi huchukua miezi kadhaa. Mbegu hazitoi mmea uleule, tena zahitaji mmea dume na jike. Ukichavusha mwenyewe, andika jina la jike kwanza kwenye kibao.