Udi wa sukari: namna tunavyoupika nyumbani Lamu

Udi uliochanganywa tayari, ule wa kununua kwenye vikopo, mara nyingi umezidi sukari. Ukiutia kwenye kaa, punde tu chumba kinanuka sukari iliyoungua. Kazi ya sukari ni kuyashika manukato yasipotee na kuufanya udi uungue polepole. Ukilielewa hilo, vipimo vyote vilivyobaki vitakuja vyenyewe.

Mahitaji

Vipande vidogo vya udi kikombe kimoja cha chai, sukari nusu kikombe, marashi ya waridi robo kikombe, sandali ya unga vijiko viwili vikubwa, na vijiko vitatu vidogo vya uturi. Mimi hugawa uturi wangu hivi: kijiko cha mafuta ya udi, kijiko cha waridi, na kijiko cha miski. Zafarani kidogo ukiwa nayo.

Fedha zako ziweke kwenye vipande vya udi, si kwenye uturi. Udi hutoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria, ya India na kusini-mashariki mwa Asia. Mti ulio mzima haunukii. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na utomvu huo ndio tunaoufukiza. Kwa hiyo chagua vipande vyeusi na vizito. Miti hii imekatwa mno, na tangu 2005 jamii yake yote imo chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa, basi usishangae bei. Sandali nayo nunua kwa muuzaji unayemwamini, kwa kuwa msandali wetu wa porini hapa Kenya umepigwa marufuku kuvunwa.

Hatua ya kwanza: kuroweka

Tia vipande kwenye chupa ya kioo, mimina nusu ya marashi na kijiko cha mafuta ya udi, funika, acha vilale usiku mmoja au miwili. Plastiki hapana, hunywa harufu na kuitoa nyingine.

Hatua ya pili: kupika

Hapa ndipo penye kazi. Tumia sufuria nzito na moto mdogo. Tia sukari, marashi yaliyobaki na zafarani, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha iache ichemke. Povu likianza kuwa zito, chota kwa mwiko, uache upoe kidogo, gusa kwa vidole viwili na kuvitenganisha. Ukiona uzi unaovutika bila kukatika, mimina udi wako pamoja na majimaji yake.

Sasa usiondoke jikoni, hata ukiitwa mlangoni. Koroga bila kuacha. Mwanzo vipande vitang'aa na kunatana. Baadaye shira itakauka na kugeuka chengachenga nyeupe, ikivishika vipande kila upande kama karanga za sukari. Hapo hapo epua. Ukichelewa, sukari itayeyuka mara ya pili na kuwa kahawia, na harufu yake ya kuungua haitolewi na uturi wowote. Watoto wasikaribie wakati huu. Shira huganda kwenye ngozi na huunguza kuliko maji ya moto.

Hatua ya tatu: kutia manukato

Mwaga udi kwenye sinia, utawanye, ungoje upoe mpaka uweze kuushika bila kushtuka. Ndipo unyunyize sandali, kisha waridi na miski, huku ukichanganya kwa mikono. Wako wanaotia uturi sufuriani juu ya moto. Mimi sikubaliani nao: harufu yote inayojaa jikoni ni ile iliyotoka kwenye udi wako. Kazi ya kuchanganya wape watoto. Wangu hubishana nani anuse kwanza, na nguo zao hunukia hadi kesho yake.

Hatua ya nne: kuulaza

Rudisha kwenye chupa, funga barabara, weka kabatini penye giza kwa wiki mbili. Miski hutangulia kwa ukali siku za mwanzo, kisha hutulia na udi wenyewe hujitokeza.

Wakati mzuri wa kupika ni kaskazi, hewa inapokuwa kavu. Masika yakiingia, sukari hunyonya unyevu na udi hutota. Ukitota, usiupike tena. Uanike kwenye sinia kivulini penye upepo.

Kufukiza

Makaa ya vifuu ndiyo bora, hayana moshi wa kuchafua harufu. Yangoje yashike jivu jeupe, uyatie kwenye chetezo, juu yake weka udi wa kutosha ncha za vidole tu. Moshi mwembamba ndio wenye harufu. Ukiwa mzito, kaa lina moto mno, liongezee jivu. Fungua dirisha moja, hasa kama nyumbani yuko mwenye pumu au mtoto mchanga.

Na paka wetu, ambao Lamu hatukosi nyumbani, watoe kwanza. Mafuta ya manukato yakiwagusa manyoya huyaramba, na mengine ni sumu kwao. Kwa hiyo sinia la kuchanganyia lioshwe siku ile ile, na chupa ikae juu wasikofika. Ukifuga ndege, tundu lake lihamishie uani mpaka moshi uishe kabisa, kwa sababu mapafu ya ndege hayastahimili moshi hata kidogo.