Kiwanja chenye pande nne zisizolingana: namna ya kupata eneo lake kwa tepu na karatasi

Mteja wangu mmoja alinipigia simu akiwa ameshalipa nusu ya pesa. Dalali alimpimia kiwanja mbele ya macho yake na kuandika pande nne kwenye daftari: mita 26, 30, 25 na 17. Kisha akachukua pande zinazotazamana, akazitafutia wastani na kuzidisha: 25.5 mara 23.5, jibu mita za mraba 599.25. Kuzidisha kulikuwa sawa. Kiwanja ndicho hakikuwa na mita hizo. Nilipokwenda na tepu yangu na kijana wa kunishikia ncha, nilipata 546. Pengo ni mita za mraba 53 na robo, mahali pa chumba, sebule na choo cha ndani, pamoja na kibaraza. Kama mita ya mraba inauzwa shilingi 20,000, hapo mtu analipia hewa kwa zaidi ya milioni moja.

Sidhani kama dalali yule alikusudia kuiba. Kanuni yake ni ya kale mno: imechongwa kwenye kuta za hekalu la Edfu huko Misri, penye orodha ya mashamba ya hekalu. Ila ina tabia moja, kwamba haipunguzi kamwe. Kiwanja kikiwa mstatili au mraba inatoa eneo sahihi. Kikiwa kingine chochote chenye pande nne, inaongeza. Hujasikia muuzaji akiilalamikia.

Hatua ya 1: Zunguka mpaka, hesabu kona

Poligoni ni umbo bapa lililofungwa kwa mistari iliyonyooka. Pande tatu ni pembetatu, nne ni pembenne, tano pembetano, sita pembesita. Kazi ngumu si majina, ni kuhesabu kona bila kudanganywa na macho. Upande wa mita 30 unaweza kuwa na kona butu katikati ambayo huioni ukiwa umesimama mwisho wake. Vuta kamba kutoka bikoni (alama ya mpaka iliyosimikwa kwenye kona) hadi bikoni. Mpaka ukiachana na kamba, hapo una kona ya ziada, na pembenne yako imegeuka pembetano.

Angalia pia kama kuna kona iliyoingia ndani, yaani pembe yake ya ndani inazidi nyuzi 180. Iwekee alama kwenye mchoro, utaihitaji baadaye. Na upande ukifuata ukingo wa mto au barabara iliyopinda, ukate vipande vifupi vilivyonyooka; kadiri vipande vinavyokuwa vifupi ndivyo jibu linavyokaribia ukweli.

Hatua ya 2: Jua ni pembenne ya aina gani

Chukua vijiti vinne vinavyolingana, vifunge ncha kwa ncha upate mraba, kisha usukume kona moja. Umbo linalala. Pande ni zilezile, jumla yake ni ileile, lakini nafasi ya ndani inapungua, na ukiendelea kusukuma inaisha kabisa. Sasa jaribu na vijiti vitatu: hakuna kinachosogea. Ndiyo maana geti la mbao huwekewa ubao wa mshazari. Ubao ule unaigawa pembenne kuwa pembetatu mbili, na geti haliinami tena. Kosa la dalali liko hapohapo. Pande nne peke yake hazishiki umbo, kwa hiyo haziwezi kukupa eneo.

Baadhi ya pembenne zina sifa za kukurahisishia kazi. Trapeza ina jozi moja ya pande sambamba. Msambamba una jozi mbili. Msambamba wenye pembe mraba ni mstatili, na wenye pande zote sawa ni rombasi. Mraba una yote mawili, kwa hiyo mraba ni mstatili na ni rombasi pia, jambo ambalo wanafunzi hulikataa hadi uwachoree.

Uwanjani jaribu hivi. Pande zinazotazamana zikilingana, una msambamba, hujapata mstatili bado. Pima kona kwa kona, yaani ulalo, mara mbili. Vipimo viwili vya ulalo vikilingana, ni mstatili. Ukitaka kukagua kona moja tu, tumia 3, 4, 5 ya mafundi: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili kutoka kwenye kona, umbali kati ya alama hizo ukiwa mita 5 kamili, kona ni pembe mraba. Kwenye kiwanja kikubwa tumia 6, 8, 10, maana kosa dogo linaonekana vizuri zaidi.

Kiwanja cha mteja wangu kilikataa majina yote hayo. Ni pembenne tu.

Hatua ya 3: Mzingo

Jumlisha pande: 26 + 30 + 25 + 17 = mita 98. Kwa anayeweka uzio, hesabu imekwisha; toa upana wa geti uagize waya. Lakini usiuamini mzingo kwa jambo lingine. Mstatili wa mita 48 kwa mita 1 una mzingo wa mita 98 na eneo la mita za mraba 48, njia ya kupita mkokoteni. Mraba wenye upande wa mita 24.5 una mzingo huohuo wa 98, na eneo lake ni 600.25. Mtu akikuambia "kiwanja kina mzunguko wa mita mia", hajakuambia ukubwa wake.

Hatua ya 4: Pima ulalo, kata pembetatu mbili

Zipe kona majina A, B, C, D kwa mpangilio wa kuzunguka. Kwetu AB ni 26, BC ni 30, CD ni 25, DA ni 17. Ulalo wa A hadi C ulikuwa mita 28. Kipimo hiki kimoja ndicho dalali hakukichukua.

Sasa una pembetatu mbili ambazo pande zake zote unazijua, na kanuni ya Heron wa Alexandria inakutosha. Tafuta nusu ya mzingo wa pembetatu. Toa kila upande kutoka kwenye nusu hiyo. Zidisha nusu na masalio yote matatu, kisha utafute kipeuo cha pili. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Pembetatu ABC: 26 + 30 + 28 = 84, nusu yake 42. Masalio ni 16, 12 na 14. 42 × 16 × 12 × 14 = 112,896. Kipeuo cha pili ni 336.

Pembetatu ACD: 25 + 17 + 28 = 70, nusu yake 35. Masalio ni 10, 18 na 7. 35 × 10 × 18 × 7 = 44,100. Kipeuo cha pili ni 210.

Jumla ni mita za mraba 546.

Kiwanja chenye kona iliyoingia ndani kikate kuanzia kwenye kona hiyohiyo. Ukianzia kwingine, kamba itapita nje ya mpaka na utajumlisha ardhi ya jirani.

Hatua ya 5: Hakiki kwa ulalo wa pili

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayomaliza ubishi. Pima B hadi D. Sisi tulipata mita 39.05. Kona C ilikuwa pale barabara mbili zinapokutana, na tulipoikagua ilikuwa pembe mraba, hivyo pembetatu BCD haikuhitaji Heron: nusu ya kitako mara kimo, yaani nusu ya 30 × 25, ni 375. Pembetatu ABD, kwa Heron, ikatoa 171. Jumla 546 tena. Majibu mawili yakiachana kwa zaidi ya mita moja au mbili za mraba, rudia kupima, usichukue wastani.

Mara nyingi mkosaji ni mteremko. Tepu lazima ilale usawa hewani, si kufuata udongo. Ukifuata udongo mita 30 kwenye ardhi inayoshuka mita 6, umbali wa kweli ni mita 29.4 hivi. Nyanyua ncha ya bondeni, weka pima maji, shusha kamba yenye uzito upate alama chini. Na usitumie GPS ya simu kwa kiwanja kidogo. Hukosea kwa mita kadhaa kila kona.

Hatua ya 6: Maumbo yanayokuepusha na Heron

Trapeza: jumlisha pande mbili sambamba, gawa kwa mbili, zidisha kwa umbali kati yake. Msambamba: kitako mara kimo, na kimo si upande ulioinama, hapo ndipo wengi huanguka. Rombasi: nusu ya ulalo mmoja mara ulalo mwingine. Nyumba yenye umbo la L ikate mistatili miwili. Pembesita sawa, kama vile vitofali vya kutandaza uani: nusu ya mzingo mara umbali kutoka katikati hadi katikati ya upande.

Hatua ya 7: Geuza vizio, na uwe macho na "70 kwa 70"

Hekta ni mita za mraba 10,000, eka ni kama 4,047. Huku kwetu eka hutajwa kuwa 70 kwa 70, bila kusema 70 za nini. Zikiwa yadi, zinatoa yadi za mraba 4,900, na eka ni 4,840: karibu sana. Zikiwa mita, ni mita za mraba 4,900, yaani eka moja na zaidi ya moja ya tano ya eka. Eka yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6. Zikiwa hatua za miguu, uliza miguu ya nani. Kenya nako ploti ya 50 kwa 100 huitwa moja ya nane ya eka. Ni futi za mraba 5,000, wakati moja ya nane kamili ni 5,445.

Mteja wangu alirudi kwa muuzaji na karatasi yenye pembetatu nne, mbili kwa kila ulalo. Walibishana hadi adhuhuri, wakavuta kamba wenyewe, na bei ikaandikwa upya kwa mita 546.