Namna ya Kupitia Upya Mazoea ya Usalama Kazini

Anza na ule ubao wa langoni unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Ukiambatana na zawadi, ubao huo huwafundisha wafanyakazi kuficha majeraha, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyerudisha hesabu ya wenzake kwenye sifuri. Ni afadhali uuondoe, kisha uhesabu taarifa za matukio yaliyokaribia kuwa ajali na muda uliotumika kuyashughulikia.

Acha pia kuandika "uzembe wa mfanyakazi" kama chanzo. Mwaka 1931, H. W. Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini wa Marekani, alidai kwamba ajali 88 kati ya 100 husababishwa na matendo ya watu yasiyo salama, lakini dai hilo lilitegemea kumbukumbu za bima na taarifa za wasimamizi, ambao kwa kawaida hawajiandikii lawama. Mtu aliyekatwa kidole na msumeno usio na kinga asiulizwe kwanza kwa nini hakuwa makini. Uliza kinga iliondolewa lini, na ilikuwa ikikwamisha kazi gani. Huenda ukaambiwa kwamba mbao nene zilikuwa hazipiti, na kila mtu alijua, msimamizi akiwamo.

Glovu, kofia ngumu na miwani ziwe kinga ya mwisho, baada ya kujaribu kuiondoa hatari yenyewe, kuibadilisha au kuiwekea kizuizi. Kuhusu fomu za ukaguzi, ukikuta za mwezi mzima zimetiwa alama ya vema kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, nenda ukakague mwenyewe.