Somo: Kuendesha baiskeli msimu wa korosho, kazi inapokumaliza

Juzi mwenzetu mmoja wa kikundi chetu cha baiskeli kasema baiskeli yake imegeuka kabati, anatundikia taulo na mashati. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana yangu iliwahi kukaa hivyo misimu miwili mizima.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Minada ikishafunguliwa Oktoba, mpaka Desemba inaisha narudi nyumbani saa 2 au saa 3 usiku, koo limejaa vumbi la magunia, miguu imevimba kwa kusimama. Kila siku najiambia Jumapili nitafidia. Jumapili moja ya Novemba nikafidia kweli. Nilitoka saa 4 asubuhi, jua limeshapanda, tumboni chai na andazi moja, nikapita Mikindani na kuendelea mbele kama niliyetumwa. Nilirudi nimekaa nyuma ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, nimekumbatia baiskeli. Dereva alisema atatoza nauli ya mtu mmoja na ya mzigo mmoja, akauliza mzigo ni upi.

Baada ya pale sikuigusa hadi Februari. Kilichonirudisha barabarani hakikuwa ari, maana ari sikuwa nayo. Ni utaratibu mdogo ambao sasa nina msimu wa tatu nao, na ndio nauweka hapa.

Hatua ya 1: Jiulize kilichochoka ni nini

Neno "nimechoka" limebeba vitu viwili. Mpagazi aliyepandisha magunia kwenye lori tangu asubuhi amechoka misuli. Huyo anadai chakula na usingizi, na baiskeli yake ingoje kesho bila mtu kumsuta. Karani, mwalimu, mhasibu, muuza duka amechoka kichwa; miguu yake imekufa ganzi tu kwa kukaa au kusimama mahali pamoja. Wa pili huyu akipanda baiskeli ataona uzito dakika za mwanzo, halafu uzito unamtoka.

Utajuaje wewe ni yupi? Mimi siamini hisia zangu za baada ya kazi, zinadanganya. Napanda, naenda dakika 10 polepole. Zikiisha na mwili bado mzito, nageuza bila majadiliano. Kati ya siku tano nazogeuza ni moja, na hiyo moja huwa nilikuwa na haki kabisa.

Kuna uchovu wa aina ya tatu usiochezewa: unaokuja na homa, maungo kuuma na baridi. Huo kapime malaria. Na anayebanwa kifua akipanda kilima, au kuona kizunguzungu, aende kwa daktari kwanza, hapa hakuna somo lake.

Hatua ya 2: Fupisha safari mpaka uone aibu kuikataa

Safari ya saa moja unaweza kuikwepa kwa sababu kumi. Ya dakika 15 utaikwepa kwa sababu gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipande kiwe si chini ya dakika 10. Maana yake hata ile safari ya kwenda kununua mkate inahesabiwa. Msimu wa korosho mimi nina safari nne za dakika 15 hadi 20 kwa wiki, basi. Sifikishi 150, na silii. Msimu ukiisha nazivuka.

Mwendo uwe wa kuweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, punguza gia.

Hatua ya 3: Baiskeli ilale ikiwa tayari

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mtu mchovu hashindwi na barabara, anashindwa na pampu. Anatoka ndani, anakuta tairi limekaa, pampu iko kwa jirani, tochi haina chaji, kofia haionekani. Anarudi ndani kulala. Kwa hiyo kazi yote ifanyike siku ambayo una nguvu. Kwangu ni Jumapili baada ya chai, nusu saa.

Tairi: tyubu hupoteza upepo yenyewe hata isipokuwa na pancha, kwa hiyo pampu kila wiki. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Usijaze mpaka mwisho wa kipimo, utarukaruka kwenye changarawe na mikono itauma. Ila tairi laini nalo linakula nguvu zako kimyakimya, na mchovu hana nguvu za kugawa.

Cheni: tunaishi kando ya bahari, na chumvi ya hewani inaanza kutafuna chuma siku ileile unaponunua. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, dondosha oili nyepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa tena ile ya juu yote. Oili inayobaki nje inashika mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Kwa sababu hiyohiyo usipake grisi kwenye cheni, na ile oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki muachie mwenyewe, hata kama fundi wa kijiweni anakupa bure. Grisi mahali pake ni kwenye golori.

Begi: mfuko mmoja mdogo, haufunguliwi kwa kazi nyingine. Tyubu ya akiba, viraka na solisheni, spana mbili, hela kidogo. Mke wangu aliwahi kuazima spana ya mfuko huo kufungia jiko la gesi, na nikagundua nikiwa Naliendele, mbali na nyumbani. Tumeshakubaliana.

Usiku baiskeli iegemee karibu na mlango, kichwa kikitazama nje. Nguo za kuendeshea ziwe juu ya siti. Najua ni mambo ya kitoto, lakini mtu wa saa 11 alfajiri ana akili ya mtoto.

Hatua ya 4: Chagua saa, halafu chagua upepo

Mtwara tuko mashariki kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua letu linawahi. Novemba linachomoza kabla ya saa 12 asubuhi, wakati wa Dar bado wanageuka upande wa pili. Juni linachelewa mpaka kama saa 12 na nusu. Msimu wa korosho unaangukia miezi ya jua la mapema, na hiyo ni bahati: kuna mwanga wa bure wa zaidi ya nusu saa kabla joto na kazi havijaanza. Jioni giza linashuka ghafla. Na kipindi hicho malori ya korosho yamejaa barabara ya Lindi, sipendi kukutana nayo usiku, na hata kwa taa nyekundu nyuma sishauri.

Sasa upepo. Kusi ikivuma, inatoka kusini mashariki. Kaskazi ikivuma, inatoka kaskazini mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Mikindani iko magharibi ya mji. Hesabu mwenyewe: mwaka karibu mzima unakwenda Mikindani ukisukumwa, unajisifu, unajiona kijana, kisha kurudi zile kilomita 10 hivi unalipa deni ukiwa umeshachoka. Ndiyo maana siku ile nilipanda kirikuu.

Mchovu aanze kwa kuukabili upepo, arudi nao mgongoni. Mimi siku za kazi naelekea Shangani, upande wa bahari, nageuza nikishaona maji. Mikindani naiwekea Jumapili, na natoka alfajiri, saa ambazo upepo haujaamka vizuri.

Hatua ya 5: Kula kitu

Asubuhi kwa dakika 20 maji yanatosha. Jioni, ukitoka kazini ulikokula saa 7, usipande kavu. Kipande cha mhogo, ndizi mbili, au ming'oko, vile viazi pori vyetu, kama ni wakati wake. Safari ikizidi saa moja juani, beba lita moja ya maji yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, viwe vijiko vya kusawazisha.

Hatua ya 6: Siku iliyopita imepita

Ukikosa Jumanne, Jumatano usiende mara mbili. Usifidie. Kisa cha kirikuu mmeshakisoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mlinzi wa usiku, Mtwara: Mkuu, mimi natoka lindo saa 12 asubuhi. Niendeshe kwanza ndiyo nilale, au nilale kwanza?

Jibu: Lala kwanza, kaka. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uangalifu wake unashuka sawa na wa aliyekunywa pombe kufikia asilimia 0.05 kwenye damu, na wewe ukitoka lindo huenda umeshazipita. Kama baiskeli ndiyo usafiri wako wa kurudi, pita njia za ndani, usiguse barabara kuu. Mazoezi yawe saa 10 jioni ukishaamka na kula, yanakuchangamsha kabla ya lindo.

Mwalimu wa kike, Lindi: Kaka, wewe una mke wa kukupikia. Mimi nikitoka shule kuna watoto, kuna jiko, kuna madaftari ya kusahihisha. Na nikipanda baiskeli na baibui, cheni inanila. Na maneno ya mtaani je?

Jibu: Dada mwalimu, umenikamata, nimeandika kama mwanamume. Nguo kwanza: tafuta baiskeli ya mwanamke yenye fremu iliyoinama na kifuniko kizima cha cheni, zile za mtumba zinazo. Nyuma, juu ya gurudumu, fundi afunge wavu pembeni ili nguo isiingie kwenye spoku. Muda: badala ya kutafuta safari mpya, igeuze ambayo tayari unakwenda, ya shule au ya sokoni. Maneno ya mtaani sina dawa nayo. Najua tu kwamba kikapu mbele kikiwa na nyanya, hakuna anayeuliza unakwenda wapi.

Mdau, Lindi: Ninakoishi ni juu kilimani, kazini ni chini pwani. Asubuhi raha, jioni nakaribia kulia.

Jibu: Shuka usukume, hakuna aliyekukataza. Kusukuma baiskeli kilimani ni mazoezi pia. Kama una gia, ingiza nyepesi kabla hujaanza kupanda. Ukingoja katikati ya kilima, cheni inaruka.

Mdau wa Ligula: Na Ramadhani?

Jibu: Mimi hutoka kama dakika 25 kabla ya magharibi, polepole kabisa, najipanga adhana inikute mlangoni. Kiu haina muda wa kunitesa. Wapo wanaopenda baada ya tarawehe. Basi wazunguke mitaa yenye taa. Mchana hapana.

Mdau wa Mikindani: Yangu ni ya mtumba, gia haziingii. Fundi anasema nibadilishe mfumo mzima wa nyuma. Niuze?

Jibu: Usiuze, na usimruhusu afungue kitu nyuma. Mara nyingi ni waya wa gia ulioota kutu ndani ya ganda lake, ndiyo maana kidole kinasukuma lakini cheni haisogei. Chomoa waya uuangalie. Ukiwa umebadilika rangi au unakwaruza, badilisha waya na ganda, ni hela ndogo. Paka oili tone moja kabla ya kuuingiza. Ikishindikana hapo, ndipo mrudi kwenye maneno ya fundi.